Mashimo Usoni mwa Kinyozi

Pale saluni walimwita Barabara. Wageni walidhani ni sifa, maana kazi yake kweli ilikuwa barabara: mkono mwepesi, na mstari wa paji alioupiga yeye ulinyooka kama uzi. Wenzake ndio waliojua maana yenyewe. Walimaanisha barabara iliyochimbika, ile ambayo hata punda huipita kwa kuomba dua.

Chunusi zilimwanza ujanani, kama wengine. Za wengine zilipotea. Zake zilikaa kama mgeni asiyejua kuaga, na zilipoondoka zilimwachia mashavu yamejaa mashimo, mengine mapana kama alama ya kidole kwenye unga, mengine membamba na ya kina kana kwamba yametobolewa kwa msumari. Na kinyozi hana pa kujificha. Kutwa yuko mbele ya kioo, shavu lake jirani na shavu la mteja.

Siku moja alikaa kitini kijana aliyekuwa anaoa kesho yake. Barabara akamfunga kitambaa shingoni. Kijana akamtazama kwenye kioo, kisha akamgeukia bosi.

"Bosi, samahani, hakuna mwingine? Sitaki kesho niamke na hayo."

"Hayaambukizi, ndugu yangu," Barabara akasema taratibu.

"Sijasema yanaambukiza. Nimesema sitaki."

Bosi akakohoa. "Barabara, hebu nipishe hapo."

Jioni ileile kiti chake kikahamishiwa nyuma, kando ya mlango wa choo, kwenye taa hafifu. "Ni kwa muda tu," bosi alimwambia, macho yakiwa sakafuni.

Mfa maji haachi kutapatapa. Muuza vipodozi wa jirani akamtolea kopo la krimu lisilo na jina. "Kaka, hii inakwangua. Baada ya muda mfupi uso kama wa mtoto mchanga!" Na kukwangua ilikwangua. Ngozi ilichubuka, ikawaka moto, vipele vipya vikaota, na yale mashimo yakabaki palepale, sasa yamezungukwa na mabaka. Alikuwa ameruka majivu, akakanyaga moto.

Dada yake, ambaye ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, alipomwona alimshika mkono kama alivyomshika zamani akimpeleka shule, akampeleka kwa daktari wa ngozi.

Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alilivuta shavu kwa vidole akalimulika kwa pembeni.

"Kopo hilo tupa leo. Limekula ngozi yako. Kwanza tuitulize, vipele vikauke, ndipo tuguse makovu."

"Halafu?"

"Haya mapana tutayachoma kwa visindano vidogovidogo, ngozi ijijaze yenyewe polepole. Haya yaliyovutwa ndani, kuna nyuzi chini zinayashikilia. Tunaingiza sindano tuzikate. Haya membamba, tone la asidi ndani ya kila shimo. Leza ipo pia, ila ngozi nyeusi kama yetu ikiunguzwa vibaya huacha madoa, kwa hiyo tusiikimbilie."

"Yataisha?"

Daktari akavua glavu. "Yatapungua. Kuisha, nisikudanganye."

"Yatapungua mpaka mteja asiyaone?"

Daktari akavuta karatasi, akaandika tarehe ya kurudi.

Barabara akaanza matibabu. Kila baada ya kuchomwa, uso ulivimba na kuvuja damu, naye akajifungia ndani akilikwepa jua, akipaka mafuta aliyopewa. Dada alikuwa akimsogeza dirishani. "Mdogo wangu, naona nafuu. Hapa pamejaa, wallahi." Na kweli, ukipapasa, kingo za mashimo zilikuwa zimelainika.

Barabara akavaa shati safi, akarudi saluni. Alisimama katikati, akingoja mtu aseme kitu.

"Karibu, Barabara," bosi akasema. "Mbona umevimba? Nyuki?"

Wenzake wakacheka, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkata maini. Kwenye kiti cha mbele alikaa kinyozi mgeni mwenye uso laini. Hata kile cha kando ya choo kilikuwa kimerundikwa taulo.

"Wateja wamemzoea huyu," bosi akaongeza. "Lakini mashine zangu mbovu ntakuletea utengeneze. Mikono unayo."

Hakurudi tena kwa daktari. Dada alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. "Umefika katikati ya mto, unarudi nyuma?"

"Dada, ng'ambo yenyewe umeisikia. Yatapungua. Hapa nilipofika ni kupungua, na nani ameona?"

"Mimi nimeona."

"Wewe uliniona hata kabla hayajatokea."

Siku hizi anatengeneza mashine za kunyolea kwenye chumba kisicho na dirisha, mlango umerudishwa. Anayeleta kazi huiacha kizingitini na kubisha. Simu ya kliniki ikiita, anaigeuza kifudifudi na kuendelea kukaza skrubu. Dada huja, hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, humsimulia habari za nyumbani. Yeye huitikia "ehe, ehe," mgongo ukiwa umemwelekea, mpaka dada anapochoka kusimulia.