Furushi Nililolishona Mdomo

Nakiri kwamba kuomba kitu kwa mtu kulikuwa kukinitia homa. Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza vyerehani, nyumbani Kikwajuni, kwa kukifungua na kukifunga cha mama mpaka akanikataza. Kila nilipoitwa shamba, nje ya mji, nilikuta nimesahau kitu: leo koleo, kesho mkanda. Narudi nimenuna, nimejichukia.

Ndipo nikatengeneza furushi. Kila kitu humo humo, hata kibiriti na kitambaa cha kufutia, ili popote nitakapolifungua nisihitaji cha mtu. Nilikata turubai maradufu, nikapanga zana kwa ukubwa, nikaushona mdomo mara tatu kwa sababu mshono ulipinda. Mafuta ya cherehani yalikuwa hayaonekani madukani miaka ile, na hewa ya pwani inakula chuma. Nikazipaka zana sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka ngalawa. Kidogo tu, nikajiambia. Nikalitundika chini ya bati miezi mitatu, wala sikulikagua. Ningeharibu mshono.

Nikaitwa Makunduchi kwa bibi mmoja mshonaji. Mjukuu wake anaolewa keshokutwa, na cherehani kimekwama, gauni limeshonwa nusu. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikakaa kwenye mkeka kando ya gauni jeupe. Nikaukata mshono wangu.

Harufu ile mpaka leo sijaisamehe. Sifa ilikuwa imechacha, imekuwa utando wa manjano unaovutika kama kamasi. Bisibisi zimegandana. Kitambaa cha kufutia kilinitelezea mkononi kama utumbo wa samaki, na tone likaanguka mkekani, shubiri moja tu kutoka kwenye gauni. Bibi alilinyakua gauni kama mtu anayemwokoa mtoto kisimani.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kutengeneza au kuuza papa?"

Waliokuwa wakipeta mchele uani walicheka. Mmoja akauliza kilo bei gani.

Nilisugua mikono kwa mchanga, kwa jivu, kwa ndimu. Nikainusa: bado papa. Nikamwambia bibi nirudi mjini nikalete zana safi. Akaniuliza gari la kurudi huku nitalipata lini, na harusi keshokutwa. Akanionesha kizingiti.

"Simama hapo hapo. Usiguse kitu. Wewe sema, mie ntafanya."

Basi nikasema, mikono nyuma, jasho likinitoka. Alichukua kisu chake cha kumenyea muhogo. Nikamwambia alegeze skrubu ya bamba kwa kushoto, ainue, atazame chini ya sindano. Palikuwa na fundo la uzi lililonasa, dogo kuliko punje ya mtama. Akalitoa kwa ncha ya kisu, akarudisha bamba, akazungusha gurudumu. Likaenda.

Alishona mpaka alasiri, nami nikiwa bado mlangoni. Kila alipomaliza upande mmoja aliinua pindo, akalinusa taratibu, kisha akaendelea.