Tarehe tatu za Sabina, mwanika dagaa wa Kirumba

Saa moja asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, jua limeshaanza kuuma, na Sabina Chenge ameketi mchangani kwenye mwalo wa Kirumba, ufukwe wanaposhusha samaki, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji. Kuinama hawezi tena. Anachota dagaa wabichi kwenye beseni, anawatawanya kwa mkono wa kulia, anasogea kidogo kwa makalio, anatawanya tena.

"Wenzangu wananicheka," anasema. "Waache wacheke. Tumbo ndilo limenikalisha, mimi sikupenda."

Sabina ana umri wa miaka ishirini na saba na ni mjamzito. Ukimuuliza mimba ina miezi mingapi, anaangalia ziwani, anaangalia dagaa wake, halafu anakuuliza yeye: "Kwa hesabu ya nani?"

Hapo mwandishi wa habari hizi naye akaanza kuchanganyikiwa.

Mpaka mwaka 1992 Sabina alikuwa mfagiaji katika kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Magu. Mambo ya biashara huria yalipoanza, majina ya waliopunguzwa yakabandikwa ukutani, na lake lilikuwemo. Alikaa kijijini, akahangaika na vibarua, mwishowe akahamia mjini kuanika dagaa za matajiri. Zamani dagaa walikuwa kitoweo cha mtu asiye na kitu. Mwaka huu wa 1995 malori yanawafuata kutoka Kenya na Zaire, na wengine wanaishia kuliwa na kuku. Siku njema Sabina anaondoka na shilingi elfu moja. Mvua ikinyesha, dagaa wanaoza na yeye anaondoka na harufu.

Mume wake, Shimba, ni mvuvi wa dagaa kwenye kambi ya kisiwani. Dagaa hufuata mwanga wa karabai wakati wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka kazi inasimama, na wavuvi wanarudi kwa wake zao. "Mimi mume wangu namwona mbalamwezi tu," anasema Sabina. "Giza likiingia, ni mali ya tajiri wake."

Hii ni mimba yake ya pili. Ya kwanza, mwaka 1993, aliumwa uchungu siku mbili nyumbani kijijini, watu wakimwambia avumilie, atazaa tu. Alipofikishwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe alipasuliwa. Yeye alipona. Mtoto hakulia.

Anaposema neno hilo, mkono unasimama ndani ya beseni. Kunguru wanaiba dagaa mbele yake na hawafukuzi.

Ndiyo maana Bernadeta, nesi wa kliniki ya wajawazito, alimwonya tangu mwanzo. "Mama, mshono huo hauchezewi. Usithubutu kusubiri uchungu ukiwa nyumbani. Wiki mbili kabla ya tarehe, njoo ukae hospitali." Alimpa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, akamwambia ale mayai, mboga za majani na hao hao dagaa anaoanika, asibebe gunia, na aache kula udongo. Tena aandae vifaa mapema, maana siku hizi mzazi huenda na vyake: glovu, wembe mpya, uzi, pamba, nailoni ya kutandika na kanga safi.

Vifaa amevipata kimoja kimoja, vipo kwenye mfuko wa plastiki, wa rambo, pamoja na vijinguo vya mtoto alivyochagua kwenye mitumba. Kilichoharibika ni tarehe, na aliyeiharibu ni yeye mwenyewe.

"Kwetu mimba haitangazwi ikiwa changa," anaeleza. "Macho ya watu siyo mazuri. Sasa nesi ananiuliza siku zangu za mwisho niliziona lini, na benchi lote limetega masikio. Dorcas yuko pale pale, tunaanika naye jirani, na mdomo wa Dorcas mimi naujua. Nikaficha mwezi mmoja."

Badala ya tarehe tano Februari, akasema tarehe tano Machi. Nesi akaandika, akapiga hesabu: kujifungua tarehe kumi Desemba. Mama mkwe wake, bibi Kija, alipokuja kutoka Magu mwezi wa tisa kukaa naye mpaka ajifungue, Sabina akaona huyu naye anaongea sana sokoni, akamtajia Aprili. Kwa bibi Kija, mtoto ni wa Januari, na hana haraka naye.

Mtu angedhani mwenye tumbo anaujua ukweli wake. Lakini tangu apasuliwe, siku za Sabina zilikuwa zinakuja zikipenda, na uwongo aliourudia miezi saba ulianza kumtazama kama ukweli. "Usiku najiuliza, hivi ilikuwa Februari kweli? Au Februari ndiyo niliyoitunga? Nikasema acha tu, kadi ndiyo inajua."

Kuficha kukawa desturi. Bibi Kija anaamini kwamba mjamzito akila mayai mtoto huzaliwa na kichwa kitupu, na kwamba vidonge vile vinamnenepesha mtoto mpaka anakosa njia. Basi Sabina anameza vidonge bibi akiwa kanisani, na mayai ya kuchemsha anayala huku mwaloni, maganda anayafukia mchangani. Udongo nao anamficha nesi: vipande viwili viko kwenye pindo la kanga. Kwa kweli mwanamke huyu kwa siku moja anakula chakula cha watu watatu, cha nesi, cha bibi Kija na chake mwenyewe, na ni yeye peke yake anayejua hesabu yote.

Jumamosi ya tarehe nne Novemba, mbalamwezi inakaribia kujaa na Shimba anarudi. Ni mtu mrefu asiye na maneno mengi, mikono imekakamaa kwa kamba za wavu. Baada ya kula anaomba kuiona kadi ya kliniki. Hajawahi kuisoma. Anaisoma taratibu, kidole juu ya karatasi, kisha anaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa pili. Anahesabu mara ya pili. Uso unabadilika.

"Mama," anamwambia mkewe, "mbalamwezi ya Machi mimi sikuwa hapa. Nilikuwa Ukerewe, kwenye msiba wa mjomba. Nilirudi Aprili."

"Aprili!" bibi Kija anadakia. "Si ndiyo mwenyewe alivyoniambia? Sasa hii Machi ya kwenye kadi ni ya nani?"

Sabina anasema hajawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kupasuliwa. Mwezi alioutunga ili kujikinga na majirani ulikuwa umemwachia mtoto asiye na baba. Akalia, akasema yote: Februari, benchi, Dorcas, na mayai pia, maana mdomo ulipofunguka haukufungika tena.

Shimba alihesabu tena kwa vidole. Februari alikuwa nyumbani siku sita, mbalamwezi nzima. Alikumbuka hata paa waliloziba pamoja. Kwanza alicheka, cheko la mtu aliyetua gunia. Halafu cheko likakatika.

"Kama ni Februari," akauliza, "Desemba inatoka wapi?"

Bibi Kija ndiye aliyejibu. Alilipapasa tumbo la mkwewe kwa viganja vyote viwili, na sauti yake ikawa ndogo. "Ng'wanone, mwanangu, mtoto huyu ameshashuka. Mimi niliona tangu juzi, nikasema labda macho yangu, maana uliniambia Januari."

Jumatatu asubuhi benchi la kliniki limejaa. Sabina yuko katikati, mfuko wake wa rambo mapajani. Kushoto kwake, kama makusudi, ameketi Dorcas aliyemleta mwanawe kupima uzito. Nesi Bernadeta anatokea mlangoni na kuuliza kwa sauti ile ile ya siku zote: "Sabina, wewe si mpaka wiki ijayo? Kuna nini?"

Angeweza kuomba waingie ndani. Badala yake anasimama, mkono mmoja kiunoni, na kusema mbele ya watu wote: "Sista, nilidanganya. Siku zangu za mwisho ni tarehe tano Februari. Siyo Machi. Ni Februari."

Nesi anaichukua kadi. Pembeni mwa vipimo vya mwezi uliopita kuna alama ya kuuliza aliyoiandika mwenyewe, maana tumbo lilikuwa limezidi kadi na alikuwa ameshaanza kufikiria mapacha. Anakata tarehe ya zamani kwa mstari mmoja, anaandika mpya. Tarehe kumi na mbili Novemba. Leo ni tarehe sita.

"Kwa hiyo ungekaa mchangani ukinisubiri Desemba," anasema. "Hurudi nyumbani. Unakwenda hospitali sasa hivi."

Sabina anamgeukia jirani yake, macho chini. "Dorcas, nisamehe. Nilikuficha wewe."

"Kunificha mimi?" Dorcas anashangaa. "Dada, sisi kule mwaloni tulijua tangu Machi, ulipoanza kutapika kwenye dagaa. Tulishahesabu zamani, tukawa tunajiuliza mbona huyu haendi hospitali. Tukaogopa kukuuliza, tukajua hutaki kusemwa." Anamhamishia mwanawe begani. "Dagaa zako nitazigeuza mimi. Nenda."

Shimba anabeba mfuko. Bibi Kija, ambaye amekuja na kikapu, anatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge na kukiweka mkononi mwa mkwewe bila kumtazama. Ni mayai mawili ya kuchemsha, bado ya moto.

Sabina anafungua pindo la kanga yake, anautupa udongo chini ya ua wa kliniki, anamenya yai la kwanza mbele ya kila mtu. Akiulizwa anatarajia nini, hataji mvulana wala msichana. Anataka daktari aangalie mshono wake mapema, anataka Shimba awepo, na akipata nguvu anataka kurudi kwenye dagaa zake, safari hii akiwa na mtoto mgongoni.

"Watu wanaombea mtoto mtulivu," anasema, mdomo umejaa yai. "Mimi nataka alie. Alie mpaka Dorcas amsikie kule mwaloni."