Kijiti Kabla ya Mguu

Shuleni walimwita Mwalimu Vijiti, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha michezo. Wengine wa kazi hiyo huonekana na filimbi shingoni. Yeye alitembea na kopo la vijiti, kila kimoja kimefungwa kitambaa cha rangi yake, mabaki kutoka kwa mumewe, fundi cherehani. Mwanafunzi akifika kwenye shimo la mchanga, kabla hajaruka anachukua kijiti chake na kukichomeka pale anapodhani visigino vyake vitatua. Kisha anarudi kwenye ubao, anasimama miguu pamoja, anaruka. Hakuna kukimbia. Hapo Mwalimu anainama na futi ya ushonaji, naye hapimi urefu wa kuruka. Anapima pengo kati ya kijiti na alama ya mguu.

Maana warukaji wa mbali hakuwatafuta. Alitaka kujua kama mtoto na mwili wake wanafahamiana, na kwenye miaka kumi na minne hawafahamiani hata kidogo. Likizo moja tu, mtoto anarudi miguu imerefuka, mikono haijui ikae wapi, lakini kichwani bado anaishi kwenye mwili wa mwaka jana. Anajigonga kwenye milango. Anamwaga chai. Anakikumba kiti, halafu anakiomba radhi.

Palikuwa na Bingwa, jina alilojibatiza mwenyewe, ambaye kila wiki alichomeka kijiti karibu na ukingo wa mwisho wa shimo.

"Bingwa, hicho utakifuata kwa ndege?"

"Subiri uone, Mwalimu."

Akaruka, visigino vikatua mbali kweli, kisha akaporomoka nyuma na kukaa kitako mchangani.

"Nimefika! Angalia visigino!"

"Naangalia makalio. Tunahesabu alama ya nyuma kabisa. Sheria ni sheria."

Darasa likaangua kicheko, na Bingwa, akijipangusa mchanga, akaapa kwamba siku moja sheria hiyo itamgeukia aliyeitunga.

Na palikuwa na Twiga. Msichana huyu alikuwa amerefuka kupita darasa zima, na mabega aliyakunja kana kwamba dari lilikuwa limeshuka. Kijiti chake alikichomeka mbele tu ya vidole vya miguu, halafu akakataa kuruka. "Nitaanguka tu," alisema, na muhula ukawa unakatika bila mguu wake kugusa mchanga.

Mwalimu alimwelewa kuliko alivyotaka kukiri. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alipasuliwa goti. Daktari alikwisha kumwambia limepona, alitumie atakavyo, ila tangu hapo alifundisha mikono nyuma, kama mkaguzi. Mwalimu Mkuu, mtu mpole, aliliona hilo, akamwita. Muhula ujao angeweza kuachia uwanja na kuhamia stoo ya vitabu. "Kazi ya utulivu," alisema, "na kuna kiti kizuri sana, chenye mto." Jibu alilitaka Ijumaa, baada ya masomo.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Vijiti alikwisha kuamua kwenda stoo. Alimwambia mumewe huku akifunga viatu, na sauti haikuwa yake.

"Uwanja umeuchoka?" fundi akauliza, pini mdomoni.

"Siuchoki hata nikifa. Goti ndilo halitaki."

"Umeliuliza lini?"

"Wewe shona."

Alasiri, kwenye shimo la mchanga, zamu ya Twiga ikafika. Msichana alichomeka kijiti chake palepale vidoleni, akasimama na kopo mkononi, akalichungulia, akakoroga vijiti kwa kidole kama anayetafuta kitu.

"Mwalimu, mbona chako hakimo?"

"Mimi mpimaji."

"Nikiruka mimi, utaruka na wewe?"

Mwalimu alilitazama kopo. Kama angekataa, basi miaka yote hiyo alikuwa akiwauzia watoto dawa asiyokunywa. Akachukua kijiti kisicho na kitambaa. Bingwa akavua soksi moja, akaifunga juu yake.

"Bendera yako hiyo, Mwalimu."

"Inanuka."

"Ndiyo maana utaruka mbali."

Alikichomeka karibu sana, hatua ya mtoto. Akarudi kwenye ubao. Akakunja magoti, akangojea yale maumivu aliyoyakumbuka vizuri mno, akaruka.

Maumivu hayakuja. Alikuwa angali hewani alipogundua kwamba kijiti kimepita chini yake na bado anakwenda. Hilo hakulitarajia. Visigino vikagonga mchanga mbali, mwili ukabaki nyuma kama abiria aliyeachwa kituoni, na Mwalimu Vijiti akakaa chini kwa kishindo, juu ya soksi ya Bingwa.

Kisha Bingwa akapiga kelele kama redio: "Makalio! Alama ya nyuma kabisa! Sheria ni sheria!"

"Kapatia!" mwingine akadakia. "Pengo hamna! Kakalia kijiti chenyewe!"

Mwalimu alikuwa akicheka mpaka machozi, hawezi kuinuka. Twiga peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kwenye alama za visigino, anazitazama.

"Lakini miguu ilifika huku," alisema. "Ulianguka kwa sababu uliegemea nyuma. Ulikuwa unajiandaa kutua karibu."

"Umejuaje?"

"Mimi ndivyo ninavyoanguka kila siku. Hata kwenye ngazi za nyumbani."

Twiga akasimama, wakatazamana, mmoja mchangani na mwingine juu yake, mrefu kama nguzo. Kisha akakichomoa kijiti chake pale vidoleni, akatembea nacho, akasita, akaongeza kidogo, akakichomeka. Akarudi kwenye ubao. Mabega yalipokunjuka, wenzake walirudi nyuma kumpisha. Aliruka akiwa ameegemea mbele, akakipita kijiti, akaanguka kifudifudi, akainuka na mchanga mdomoni.

"Naomba kurudia," alisema.

Wakarudia wote, mpaka kengele ikalia na hakuna aliyeisikia.

Mwalimu Mkuu alipomwona mlangoni, mchanga ukimdondoka kwenye sketi, alisimama kumvutia kiti.

"Karibu, Mwalimu. Keti tuzungumze."

"Nitasimama, asante."

"Goti linasumbua?"

"Goti zima kabisa. Nimekuja kukuambia nabaki uwanjani."

Mwalimu Mkuu alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeona bahati ikichezewa. "Umefikiri vizuri? Stoo kuna kile kiti, chenye mto."

"Nakishukuru," akasema Mwalimu Vijiti, akijishika kiuno taratibu. "Lakini kwa jinsi nilivyo leo, kiti ndicho kitu cha mwisho ninachokitaka duniani."