Watoto wa Nyumba ya Kalunde

Kalunde hakujaliwa mtoto. Aliishi na mumewe Kitheka miaka ishirini na sita kule chini ya Kwa Vonza, na Kitheka alipofariki, jina lake likabaki bila wa kulibeba. Basi Kalunde akafanya walivyofanya bibi zake: akaoa. Aliuza ng'ombe akanunua mbuzi wa mahari, akawavusha mto Athi hadi upande wa Makueni, kwa akina Mwongeli, naye Mwongeli akaja kwake kama iweto, yaani mke wa mwanamke. Mwanamume wa kuzaa naye angejichagulia mwenyewe, hapo hakuna aliyeuliza. Watoto ndio wangekuwa wa nyumba ya Kalunde, waitwe wa Kitheka.

Wakazaliwa wawili, Kavindu na mdogo wake wa kiume aliyepewa jina la marehemu.

"Mume wangu, umenawa mikono?" Kalunde alikuwa akimtania huyo mdogo kila wakati wa kula, na mtoto anaficha mikono nyuma.

Kisha mvua ikakosa misimu mitatu. Mwaka huo ndipo alipofika Mwangangi, kijana wa Kitui mjini, ametumwa na watafiti wa uchumi waliotaka kujua familia zinaishije, watoto wanakula nini, na kama watu wana raha. Akakalishwa kwenye kigoda na tableti yake.

"Jana watoto walikula mara ngapi, susu?" akauliza, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Mara moja. Muthokoi wa mahindi matupu."

"Na huyu Mwongeli ni nani wako?"

"Mke wangu."

Mwangangi alicheka akafunika mdomo. "Mimi ni Mkamba, susu, naelewa. Lakini hii mashine si Mkamba."

"Basi ifundishe, si umesoma?"

"Ina orodha yake. Nikuwekee mkwe?"

"Weka."

"Sasa inataka jina la mwanao aliyemwoa."

Mwongeli, aliyemwita Kalunde mwaitu, yaani mama, alikuwa kando akichambua ndengu. "Mwaitu, mpe jina lolote tumalize. Jua linatuchoma."

Kalunde akakataa. Miaka yote hiyo wanawake wa kisimani walikuwa wamemtajia wana wao mmoja mmoja, naye amenyamaza. Kumtunga wake leo, mbele ya mgeni, hakuweza.

"Sina mwana. Sitasema uongo."

"Basi nitaandika nyumba mbili. Wewe peke yako, na Mwongeli na watoto wake. Majirani."

"Andika unavyojua. Maji bado hayajachotwa."

Akaweka kidole alipoonyeshwa.

Baada ya miezi miwili watafiti wakapiga kura ya bahati nasibu. Nyumba ya Mwongeli ikachaguliwa: msaada wa kila mwezi, kwa simu, kwa mama anayelea watoto peke yake. Mwanzoni walikula pamoja, na watoto wakapata viatu. Halafu Mwongeli akawa anaongea na simu nyuma ya ghala. Aliyekuwa upande wa pili ni Nzomo, mwashi wa Makindu.

"Mwaitu," alisema siku moja wakipura mtama kidogo uliopona ukame, "Nzomo anataka tufunge ndoa kanisani. Nataka kwenda na watoto."

"Nenda wewe. Watoto ni wa hapa. Baba yako alikula mbuzi wangu akijua."

"Alikula yeye. Mimi sikuonja hata utumbo."

"Nilikukosea wapi, Mwongeli?"

"Hukunikosea. Lakini hapa nitakuwa iweto wa Kalunde mpaka nife. Nzomo ananiita jina langu."

Kalunde alitembea hadi kwa chifu. Chifu alimjua vizuri, hata nyama ya mbuzi mmoja wa mahari aliletewa. Akafungua kitabu kilichoachwa na watafiti, chenye orodha ya msaada na majibu ya kila nyumba, akakisoma.

"Ukienda kortini nitakuja niseme ninachojua. Lakini watakuuliza kwa nini ulisema ni majirani."

"Sikusema! Niliulizwa mwana nisiye naye."

"Kidole chako kiko hapa, mama." Akafunga kitabu polepole. "Na vyeti vya watoto vina jina la mama yao tu. Nani alikuwepo mbuzi wakipelekwa?"

"Muthama, mshenga wangu."

"Muthama tulimzika Machi."

Kalunde akarudi nyumbani. Hakuwa na cha kumlipa wakili, na hata kama angekuwa nacho, hakutaka Kavindu asimamishwe mbele ya watu aulizwe yeye ni wa nani.

Jumatatu pikipiki ikaja kuwapeleka barabarani. Mwongeli alifunga godoro kwa kamba, macho chini. Kavindu alikuwa ameshapanda. Mdogo alisimama mlangoni na shati jipya ambalo vifungo vyake vilikuwa vigumu, na Kalunde akapiga magoti amsaidie.

"Susu, wewe utakuja lini?"

"Nitakuja." Akageuza uso. "Mwongeli, huko usimbadilishe jina. Nimekuachia yote. Hilo tu."

Mwongeli akavuta kamba, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza.

"Shuleni walitaka jina la baba, Mwaitu. Nzomo ameshamwandikisha kwa jina lake yeye."

Kalunde alifunga kifungo cha juu. Akakifungua. Akakifunga tena, akakinyoosha, mpaka mwenye pikipiki akapiga honi.