Jeep ya Kumfuata Mama Mitwaba

Kwetu Lubumbashi, gari la mtu likianza kuzeeka, mtaa mzima unakuwa fundi. Kila anayepita ana dawa yake. Jeep yetu ilikuwa imefika hapo. Embreyaji, yaani klachi, iliteleza kwenye kila kilima, mlango wa nyuma tuliufunga kwa kamba, na moshi wake, jamani, akina mama wa sokoni walikuwa wakifunika bidhaa zao wakituona kwa mbali.

Swali likawa: tununue nini badala yake? Mimi nilitaka gari dogo la mjini, lisilokunywa sana, nipeleke watoto shule na mimi niende sokoni. Mume wangu, Baba Ngoie, hakutaka hata kusikia. Yeye alitaka jeep nyingine, tena kubwa kuliko ile.

"Mama yako iko Mitwaba," aliniambia. "Na kamotokari kadogo tutamufikia namna gani? Mvua ikinyesha tu, njo kusema tumemutupa."

Kwetu njo ni ndiyo ya vitabuni, na hapo alikuwa amesema kweli. Mama yangu ni mjane wa mtu wa reli. Tulipomzika baba, alirudi Mitwaba, kaskazini milimani, kwa ndugu zake akafungua shamba la maharagi. Sasa goti lake lilikuwa limevimba, lori hawezi kulipanda tena, na pikipiki ndiyo kabisa. Kila tulipokwenda kumwomba aje mjini aonwe na daktari, jibu lilikuwa lilelile: "Na shamba nitaachia nani?" Tunarudi bila yeye, na goti tunaliacha kule. Kwa hiyo jeep ile ndiyo ilikuwa mguu wa mama.

Akiba yetu ilitosha gari dogo, lakini kupata jeep nyingine ilibidi tuuze kiwanja chetu cha Kasungami, pembezoni mwa mji, ambako tulikwisha kuinua vyumba viwili na kuezeka mabati. Kiwanja kile ndicho tulichokuwa nacho kwa ajili ya watoto. Roho iliniuma. Mwishoni nikamwambia Baba Ngoie: kabla ya mvua niende mwenyewe, nimwombe mama kwa mara ya mwisho. Akikubali kuja, tunanunua gari dogo. Akikataa, kiwanja kiende, jeep ije, na mimi sitanung'unika tena. Akasema sawa.

Asubuhi ya kuondoka, Banza alikuja mapema. Huyu ni mtoto wa mjomba wangu, dereva wa malori, na ndiye aliyeshika usukani. Siku zote Baba Ngoie ndiye aliyeendesha kwenda Mitwaba, lakini safari hii karakana yake ilikuwa imempeleka Kambove kuchomelea vyuma. Mimi mjini naendesha bila shida, ila njia ile inataka mikono inayoijua. Majirani nao hawakutuacha hivihivi. Ukiwa na jeep inayokwenda kaskazini, wewe ni posta. Huyu analeta sabuni za dada yake, yule viatu vya mjomba, mwingine kuku mzima aliyefungwa miguu. Kuku kutoka mjini kwenda kijijini! Banza alicheka mpaka akashika boneti.

Likasi tulimkuta Baba Ngoie akitusubiri kando ya barabara, ameshuka kutoka Kambove kwa saa chache tu. Aliizunguka jeep kama daktari, akainama, akagusa matairi, akatikisa kichwa. Kisha akanipa kifurushi: kitenge kizuri, cha bluu.

"Utamupatia mama," akasema. "Usimuambie ni ya miye. Pengine hatakamata."

"Juu ya nini asikamate?" Kitenge kizuri vile, nani asiyekipokea?

"Weye mupatie tu."

Nilimwona ana huzuni, nikadhani ni uchovu wa kazi. Tukaagana, tukaendelea.

Baada ya lami kuisha, kazi ilianza. Vumbi jekundu lilitufanya sote tufanane. Tulipishana na wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala, mkaa wetu wa kupikia, mtu haonekani, unaona gunia linatembea. Tulipovuka mto Lufira njia ilianza kupanda, na embreyaji ikaanza kelele zake. Mahali pamoja jeep ilikataa kabisa. Wale wa makala waliweka baiskeli chini, wakatusukuma, na Banza akapiga honi kuwashukuru bila kusimama, maana angesimama tungekuwa pale mpaka leo.

Jioni tulifika kijiji kimoja tukalala kwa katekista. Mke wake alitupokea vizuri, akatupa munkoyo tamu, kile kinywaji chetu cha mahindi, na maji ya kuoga. Nilimsaidia kuchambua maharagi, nikamweleza taabu yangu yote: jeep, kiwanja, mama mwenye shingo ngumu.

"Na ile jeep," akaniuliza, "siku zote nani njo anaendesha?"

"Bwana yangu."

"Aaaah," akasema. Akanitazama, akacheka kidogo, akarudi kwenye maharagi yake. Nilimwuliza anacheka nini. "Hapana, mama. Utafika, utaona."

Nilikasirika kidogo, nawaambia kweli. Mtu anakula taabu yako kama karanga halafu hakwambii kitu.

Kesho yake mchana tuliingia Mitwaba. Kule juu hewa ni ya baridi hata jua likiwaka, na nilivaa sweta huku vumbi limenijaa masikioni. Mama alikuwa ameketi uani akimenya mihogo. Kwa kawaida, jeep ikisimama, yeye huingia ndani haraka na kutusalimia kwa sauti kutoka nyuma ya ukuta. Safari hii alisimama, akaegemea fimbo yake, akachungulia.

"Ni Banza njo ameendesha?"

"Ndiyo, shangazi. Yambo sana," Banza akajibu.

"Na buko wangu?"

Buko ndilo neno letu la mkwe. Nikamwambia, "Amebakia Kambove, mama. Kazi."

Hakuamini. Alizunguka jeep nzima, akatazama hata kiti cha nyuma kati ya sabuni na yule kuku. Halafu, kabla sijamkumbatia, kabla hata sijashusha mfuko mmoja, alifungua mlango wa mbele, akamshika Banza bega, akajivuta, akapanda. Akaketi. Akapapasa kiti.

"Kumbe iko muzuri vile!"

"Mama, unafanya nini?"

"Naikala. Haunioni?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Tangu tununue jeep ile, mama hakuwahi kuweka hata kidole ndani yake.

Tulipomaliza kula bukari, ule ugali wetu, nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeipanga njia nzima: goti, daktari, wajukuu, uzee. Sikufika mbali.

"Tunaenda lini?" mama akauliza.

"Wapi?"

"Lubumbashi. Haukukuya kunikamata?"

Banza alikohoa maji. Mimi nikauliza, "Na shamba?"

"Shamba! Ndugu zangu bako. Shamba haina miguu, haitakimbia."

"Sasa, mama, miaka hii yote ulikuwa unakatala juu ya nini?"

Alitazama mlangoni, kana kwamba Baba Ngoie angesikia kutoka Kambove. Akateremsha sauti. "Motokari, nani alikuwa anaendesha? Buko wangu. Alors, basi, miye nitaikala wapi? Pembeni yake, magoti na magoti? Ao nyuma, nimutazame kisogo njia yote? Na nikisikia haja, kushuka mu majani, nitamuambia nani asimamishe?"

Yesu Maria! Niliweka mikono kichwani. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali sahani moja, hawapeani mkono, mmoja akitokea njiani mwenzake anapisha. Mimi desturi hii naijua tangu utoto. Nilijua ndiyo maana mama anasalimia nyuma ya ukuta, na ndiyo maana chakula cha Baba Ngoie kinaletwa na jirani. Lakini kwamba heshima hiyo inapanda pia gari, hilo halikuwahi kunijia kichwani hata siku moja. Tulikuwa tunamletea mama gari ambalo dereva wake mwenyewe ndiye aliyemzuia kupanda.

"Si ungesema tu, mama?"

"Niseme nini? 'Sitaki kupanda na bwana yako'? Ungesikia namna gani? Ungesema, mama anamuchukia bwana yangu. Ile maneno ikitoka mu kinywa, hairudi. Nilichagua kusema shamba."

"Lakini padri alishasema mambo haya ya buko..."

"Padri hana buko," mama akanikata.

Kisha akauliza jambo ambalo naona lilikuwa limemsumbua kuliko gari lenyewe: atalala wapi? Chini ya paa analolala mkwe wake hawezi. Nikamwambia habari za Kasungami, vyumba viwili, mabati mapya, hakuna anayelala humo.

"Udongo iko namna gani?"

"Nyekundu. Majirani balipanda maharagi, ikatoka muzuri."

"Njo pale nitaikala," akasema, na akaomba aongezewe mboga.

Nilitoka uani nikacheka peke yangu kwenye baridi. Halafu nikalia kidogo. Kifua kilikuwa chepesi, nawaambia, kama mtu aliyeteremsha gunia la makala. Kiwanja hakiuzwi, na mama anakuja.

Asubuhi ya kurudi, ndugu wa mama walijaza jeep maharagi, mihogo na nyanya hadi nikakosa pa kuweka miguu. Mama aliketi mbele, amejifunga kitenge cha bluu. Nilikuwa nimempa bila kusema kimetoka kwa nani, lakini alikigeuza, akakinusa, akasema, "Buko wangu anajua kuchagua." Jinsi alivyojua, sijui. Njiani aliongea kuliko redio. Kila mlima aliitia jeep moyo kama dada yake mkubwa, "Yaya, jikaze, yaya," na Banza akaapa kwamba embreyaji ilikuwa inamsikiliza. Kwa katekista tulisimama kusalimu tu. Mke wake alitoka, akamwona mama kwenye kiti cha mbele na Banza kwenye usukani, akapiga makofi.

"Sasa umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama. Aksanti."

Usiku ule tulilala Likasi, na Kasungami tulifika kesho yake jua likianza kulegea. Mama alikagua vyumba vyote viwili, akapiga ukuta kwa fimbo, akaenda nyuma kutazama udongo kabla ya kutazama kitanda. Mabinti wa jirani walikuja kumfagilia ua, na jioni ile alikuwa amekwisha kupata rafiki wa kumwonyesha mahali pa kupanda.

Jumamosi Baba Ngoie alirudi kutoka Kambove. Nilimwambia kila kitu tukiwa nyumbani kwetu, wawili tu. Niliogopa ataumia. Aliketi juu ya tofali.

"Ni ile tu?" akauliza.

"Ni ile tu."

"Vraiment, kweli?"

"Nakuapia."

Akafuta uso kwa mikono yote miwili. "Miye nilizania ananichukia," akasema. "Kila mara tunaenda, anakatala. Nilizania motokari yetu ni mbaya kwake. Nikasema tukipata jeep kubwa, ya kiti muzuri, siku moja atakubali." Akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa na machozi ndani. Mume wangu alikuwa tayari kuuza kiwanja cha watoto wake ili mama yangu ampende, na mama yangu alikuwa amevumilia goti bovu ili asimvunjie yeye heshima. Na mimi katikati yao nikipiga hesabu za mazuti, yaani dizeli! Nilimshika mkono, tukakaa hivyo.

Jeep ilichukuliwa na fundi mmoja aliyeitaka kwa vipuri, na sikuisikitikia hata kidogo. Tulinunua gari dogo la kijivu, lenye usukani upande wa kulia kama mengi yanayotoka ng'ambo ya mpaka. Baba Ngoie alipokea ufunguo, hakuuweka hata mfukoni mwake. Alinipa mimi.

"Weye njo utamupeleka mama," akasema.

Basi, mnaoulizana mtaani kama mbadala wa jeep ni gari la juu au la chini, la mazuti au la esansi, mimi nawaambia nilichokileta kutoka Mitwaba: kabla ya kuuliza litapita njia gani, ulizeni nani atakaa kando ya nani.

Safari ya kwanza ya gari lile ilikuwa kumpeleka mama kwa daktari. Niliendesha mimi, mama kando yangu, fimbo kati ya miguu yake. Baba Ngoie alitaka kuwapo, kwa hiyo alikodi pikipiki akawa anatufuata nyuma, kwa umbali wa adabu. Barabara ya Kasungami ina mashimo yake, pikipiki ikawa inabaki nyuma. Mama hakugeuza shingo hata mara moja, maana haifai.

"Buko wangu anafuata?" akaniuliza.

Nikatazama kwenye kioo. "Anafuata, mama. Iko mbali kiloko, kidogo tu."

"Alors tembea polepole," akasema. "Asibakie."