Khitma ya Mjomba

Baba yangu alikufa nikiwa Guangzhou, na watu wote niliokuwa nikila nao sahani moja walijua kabla yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu sina subira na wasimulizi wanaoficha maiti hadi ukurasa wa mwisho.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni na nilikuwa mpiga udi katika kikundi cha muziki cha wanafunzi, ingawa neno kikundi wakubwa wetu walilikataa. Huu ni udugu, walisema, na ukishaingia hutoki. Waasisi walikuwa wamerudi makwao zamani, wengine sasa wana vitambi na vyeo, lakini mila zao tulizishika kuliko tulivyoshika masomo. Mgeni hakununua ala, alirithishwa na anayeondoka. Mdogo alibeba ala za wakubwa mpaka naye apate mdogo wake. Na kila mmoja alipewa pacha siku ya kuingia, awe anampenda au hampendi. Mimi natoka Tanga na nina mdomo. Pacha wangu alitoka Unguja, alipiga fidla na alikuwa na adabu za kuchosha. Nadhani waliotupanga walitaka kucheka.

Mila moja niliipenda kuliko zote. Mmoja wetu akifiwa, nyuzi za ala zote zililegezwa, na ngoma zikafunikwa kifudifudi. Zililala hivyo mpaka mfiwa mwenyewe, siku atakapokuwa tayari, akaze uzi wa kwanza. Hakuna wa kumkazia wala wa kumharakisha. Kaka mkuu wetu, aliyekuwa akisomea uzamivu, alipiga kanuni, yenye nyuzi nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwake. Kuirudisha sawa baada ya msiba kulimchukua siku nzima, kwa hiyo alikuwa akiwaombea wazazi wetu maisha marefu kutoka moyoni kabisa.

Tulifanyia mazoezi mtaa wa Sanyuanli, katika chumba juu ya ofisi ya kago ambacho mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alituazima. Tulikaa juu ya marobota ya viatu yaliyongoja kontena. Chini, ubavuni mwa ofisi hiyo, kulikuwa na mama mmoja wa Kichina mwenye duka la mikanda ya plastiki na gundi za kufungia mizigo. Alituvumilia vizuri, isipokuwa ngoma ikizidi, hapo aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na hakuwahi kugonga nje ya mdundo.

Baba alikuwa amepigwa kiharusi mwaka huo. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyenisomesha Kurani alfajiri kabla hajafungua duka, kidole chake cha kati kikiwa tayari ndani ya subana. Baada ya kiharusi hakuweza kusema. Nikipiga simu, kaka yangu alimwekea sikioni na mimi nilisikia pumzi tu. "Anakusikia," kaka alisema, nami nikaongea habari za mvua na za chakula mpaka maneno yakaniisha. Nilikuwa nimepanga kutetea tasnifu yangu, nikate tiketi, niende nikae naye. Sikutaka kitu kingine mwaka ule.

Siku moja jioni nilipanda ngazi za Sanyuanli nikakuta nyuzi zimelegea. Udi wangu ulikuwa juu ya robota, nyuzi zimeinama. Ngoma zilikuwa kifudifudi. Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye marobota, na mara wote wakamtazama pacha wangu. Yeye akasema, bila kuinua uso, kwamba amefiwa na mjomba aliyemlea.

Yaliyokuwa yamepita kabla sijafika nilikuja kuelezwa baadaye. Kaka yangu alikuwa amempigia kaka mkuu mchana ule. Mzee alikuwa ameshazikwa. Kwa vyovyote nisingewahi, maana kwetu maiti hangoji ndege, na familia ilikuwa imekaa ikaamua nisiambiwe mpaka nitetee tasnifu. "Tuwekeeni siri," kaka alisema, "akijua ataacha kila kitu." Kundi la familia kwenye simu lilibaki likinitumia salamu za Ijumaa, na wenyewe wakafungua jingine la msiba ambalo mimi simo.

Kaka mkuu akashikwa pande mbili. Ameombwa siri na familia, na mila inamwambia kuna ndugu amefiwa, nyuzi zisilie. Mtu mwingine yeyote angetafuta njia rahisi, angesema chumba kimefungwa au ana mafua. Lakini wale walikuwa watu wa mila hadi kwenye kucha. Nyuzi lazima zilegee, na zikilegea lazima awepo mfiwa. Wakatafuta mfiwa. Pacha wangu akajitolea, kwa hoja kwamba msiba wa pacha ni wake pia, na mjomba wake alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma, hivyo hakuna wa kudhurika. Waliona wamepata suluhisho la busara sana.

Mimi nikaingia katika matanga yale kwa miguu miwili. Nilimkumbatia. Nilimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Nilikwenda Xiaobei kwa wauza nyama Waislamu, nikarudi na nyama na viungo, nikapika pilau ya khitma kwenye jiko la umeme lililokata kila baada ya muda. Walikuja wafanyabiashara kadhaa wa Dar na Zanzibar wanaotujua. Alikuja pia mpiga gitaa wetu, Mkongomani Mkristo wa Lubumbashi, akakaa mlangoni kwa heshima, viatu mkononi. Alinishika bega akaniambia, "Courage, mon frère. Pole sana." Nikamwonyesha pacha wangu, nikamwambia mfiwa ni yule. Akasema, "Ndiyo, ndiyo, yeye pia." Niliona ni Kiswahili cha Lubumbashi, nikaendelea kupanga sahani.

Dua nilisoma mimi, kwa kuwa sauti ya kusomea nilikuwa nayo. Nilimwuliza pacha wangu jina la marehemu. Akatazama zulia, halafu akataja jina la baba yangu. Ni jina la kawaida. Ukiliita sokoni popote Pwani, watageuka watu wengi. Nikamwambia, "Kumbe wajina wa mzee wangu," nikainua mikono. Alinieleza baadaye kwamba uongo wote mwingine aliuweza, ila kupeleka dua isikohitajika hakuweza. Nikasoma vizuri. Nilisoma polepole kama nilivyofundishwa, nikamwombea marehemu kaburi pana lenye nuru na watoto wema wa kumkumbuka. Pacha wangu alilia mpaka mabega yakatikisika, na mimi nikamsugua mgongo na kumwambia ajikaze kiume.

Wageni walipoondoka nilipiga simu nyumbani, kwa sababu kusikia jina lile kulinitia hamu na baba. Kaka akapokea.

"Mzee amelala," alisema.

"Usimwamshe," nikamwambia.

Siku zikapita na nyuzi zikabaki vilevile. Hapo ndipo roho yangu mbaya ilipoanza. Tulikuwa tumekubali kupiga kwenye harusi ya binti wa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, ukumbini Huanshi Zhonglu, na mila ilimtaka pacha wangu akaze uzi ili tuanze mazoezi. Hakukaza. Kila tukikutana tulimsogezea fidla yake, naye akaitazama na kusema, "Bado." Kaka mkuu hakumlazimisha, na mimi nikaona ni udhaifu wa uongozi.

Baba wa bibi harusi alipanda mwenyewe hadi chumbani, anahema. "Nyie wanangu mnaniua," alisema. "Yule laoban, bosi wa ukumbi, nimemwomba anisogezee siku, kanijibu mei you! Hakuna! Kila nikisema, mei you! Sasa nyie mnapiga au hampigi?"

Wote tukamtazama pacha wangu. Akasema, "Samahani, mzee wangu. Siwezi kukaza."

Mimi nikashindwa kujizuia. "Jamani, kafa mjomba, eda kakaa mpwa!" nilisema kwa sauti. "Hata mjane hajifungii hivi. Tukuletee na kaniki uvae?"

Kwetu Tanga maneno kama hayo yangeangusha watu kwa kicheko. Pale hakucheka mtu. Mpiga gitaa alitoka nje. Kaka mkuu alisema, "Inatosha," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Pacha wangu alinitazama kwa upole uliozidi kunikera, akasema, "Ni haki yako kusema." Mzee wa Kariakoo akaenda kutafuta mtu wa kupiga santuri kwa kompyuta, na harusi ikapita. Nilisikia ilipendeza. Mimi nilimnunia pacha wangu, na salamu nikawa namjibu nusunusu.

Nilitetea tasnifu asubuhi ya mvua. Maprofesa walisema maneno mazuri, nikapiga nao picha, nikarudi bwenini nikitafuta bei ya tiketi kwenye simu. Kaka mkuu na pacha wangu walikuwa wakiningoja mlangoni kwangu wamevaa kanzu. Guangzhou mtu havai kanzu siku ya kazi bila sababu. Kaka mkuu akasema, "Ingia ndani, mdogo wangu, ukae." Pacha wangu alikuwa ameubeba udi wangu, nyuzi bado zimelegea, akaulaza kitandani mbele yangu.

Kaka mkuu alisema kile alichotumwa kusema, kwa utaratibu, kama wanavyosema wazee: ugonjwa, kisha amri ya Mungu, kisha siku. Nilipoisikia ile siku nilielewa yote kwa pamoja, pilau na mpiga gitaa aliyenishika bega. Watu huniuliza nilisema nini. Nilisema, "Kwa hiyo eda ilikuwa yangu."

Halafu nikakasirika. Niliwaambia wameniibia baba yangu. Niliwaambia mtu ana haki ya kuanguka chini siku ile ile, si kupangiwa ratiba ya kulia baada ya mitihani. Niliwaambia nimepika matanga ya baba yangu nikionja chumvi na kuchekacheka na wageni, na kwamba udugu wao wauweke kwenye kontena waupeleke wanakotaka. Kaka mkuu alikubali kila neno. Sikutaka akubali. Nilitaka abishe.

Nikamgeukia pacha wangu. "Na wewe ulininyamazia nikutukane mbele ya watu. Si ungekaza tu, yakaisha?"

"Nilitaka," alisema. "Kaka mkuu alinibembeleza pia, yule mzee wa harusi alipokwisha kuondoka. Lakini nikikaza mimi, matanga ya baba yako yanakuwa yamekwisha na wewe hujaanza. Ala ningepigaje?"

Sikumsamehe pale. Wapo wanaosema waliniokolea masomo, na cheti kipo, kimetundikwa sebuleni kwa mama. Mimi bado nadhani walikosea, na nikiulizwa nasema hivyo hata mbele yao. Ila nimeshindwa kumchukia mtu aliyekubali kudharauliwa siku zote zile kwa ajili ya uzi.

Jioni ile, pacha wangu akiwa bado chumbani kwangu, nilimpigia mama. Alikuwa chumbani kwake katika eda, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mmenificha, mama," nilisema.

"Tumekuficha, mwanangu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Alhamdulillahi. Mimi usiku silali. Wenzio wote walimsomea baba yao. Wewe ndiye aliyekusomesha, na wewe peke yako hukumsomea."

"Nilimsomea, mama."

"Lini? Si umeambiwa leo?"

"Siku ya khitma. Nilisoma dua yote, nikamtaja kwa jina."

"Nani alikwambia?"

Kilio kilikuja hapo, cha sauti, mpaka jirani Mchina akafungua mlango wake kuchungulia. Pacha wangu akaichukua simu mkononi mwangu, akaketi karibu yangu, akamwambia, "Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao wa huku. Ameanza kulia. Niko naye."