Msiba wa Makambako Nilioutoroka

Kuna kipindi nilikuwa nazika watu nisiowajua.

Usinicheke. Mimi naandika simulizi mtandaoni, na mwaka jana akili ilikuwa imekauka kabisa. Nikileta jini, wasomaji wanasema wameshamsoma. Nikileta bosi kampenda dada wa kazi, wanakimbia.

Mudy, mwenye ukurasa ninaoandikia, akanipigia simu.

"Obed, kaka, leta kitu ambacho hakijawahi kusikika. Nakupa mwezi mmoja. Jumatatu ya mwisho ukija mikono mitupu, nafasi yako nampa mwingine."

Nilidata. Kuandika ndicho kitu pekee ninachokiweza. Ukininyang'anya hicho, sijui nabaki nani.

Ndipo nikageukia misiba. Si unajua kabla ya kuzika lazima wasome wasifu wa marehemu, tangu alipozaliwa mpaka kilichomwondoa? Nikaona visa viko huko. Nikawa naingia msiba wowote hapa Njombe, nakaa nyuma, natega sikio, nakula ubwabwa wao, nasepa.

Mama yangu, Avelina, naishi naye kijijini Yakobi. Tabia hiyo alikuwa hataki hata kuisikia.

Lakini Ijumaa ile, siku tatu kabla ya Jumatatu ya Mudy, aliniamsha mwenyewe.

"Makambako kuna msiba. Mzee anaitwa Lameki, alikuwa dereva wa malori. Nenda."

"Ana kisa?"

"Nenda tu, mwanangu. Vaa lile koti jeusi."

Akanipigia na pasi shati. Mimi kichwani nimeshika neno moja tu, malori. Nikawaza magendo, ajali, wanawake wa mpakani Tunduma. Nikaondoka mbio.

Msibani, mjane wa mzee, Mama Esnath, akanikazia macho mpaka nikaona aibu.

"Wewe ni wa kwa nani, baba?"

"Nilifanya kazi na mzee."

"Basi kaa mbele."

Nikakataa, nikajibanza nyuma karibu na masufuria.

Walikuwa wanamzika hapohapo nyumbani. Wasifu ukaanza. Alizaliwa kijiji cha Kichiwa. Akabatizwa. Akasoma, akaajiriwa, akaoa. Nikasubiri maajabu, wapi. Mzee wa watu kaishi kama mtu yeyote. Nilitamani kulia kwa hasira. Nikatoa simu, nikaanza kumbembeleza Mudy aniongezee muda, na mengine yote yaliyosomwa yakanipita.

Mchungaji akaita watoto wa marehemu waje kuweka udongo. Mimi nikatokea uani, nikaenda kutafuta gari la Njombe.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni. Moto umezimika, na baridi ya Yakobi unaijua, lakini hajali.

"Uliweka udongo?"

"Udongo wa nini? Mzee mwenyewe hana lolote. Niliwaacha kaburini nikaondoka."

Mama akajifunika uso kwa kitenge.

"Obed, yule ni baba yako."

Nikacheka. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika.

"Si ulisema baba alikufa kabla sijazaliwa?"

"Nilikudanganya. Alikuwa na mke wake. Leo ningekuambia, usingekwenda. Nikasema angalau umzike."

Nikakaa chini.

Akafuta machozi, akauliza taratibu, "Walisomaje habari zake? Mimi nilimjua kidogo tu. Wanasema alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikatafuta kichwani. Kichiwa. Ubatizo. Basi. Alipenda nini, aliumwa nini, watoto wake wanamkumbukaje, sijui. Yote yalisomwa mbele yangu.

"Alikuwa mpole," nikamwambia. "Alipenda sana kuimba kwaya."

Nilitunga. Mama akatabasamu, akaomba nimwambie zaidi.

Jumatatu Mudy akampa mwingine nafasi yangu, na wala sikubisha.

Wewe unayeandika, nisikilize. Udadisi ni mzuri, ila ukiwachagua watu kama nguo za mtumba, unatupa huyu, unamshika yule, kuna siku utamtupa wa kwako. Hakuna maisha ya kawaida kwa anayeyalilia.

Siku hizi nina msomaji mmoja tu, na yeye hajui kama ni simulizi. Kila jioni mama ananiuliza habari za baba, nami nampa kisa kipya. Anaamini kila neno.